Chuma cha Mama Kilipogeuka Dhahabu

Usinicheke bado. Mimi ni mtu wa kanisa, Sabato sikosi ila nikiugua, na kuongeza chumvi si tabia yangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jikoni kwa mama yangu huku kwetu Nyamira.

Nilikuwa naugua figo. Uso na miguu vilikuwa vimevimba, na daktari wa Kisii alishamwambia mama anirudishe nyumbani. Unaelewa maana yake. Sabato moja majirani wote walikuwa kanisani, mama akabaki kunichunga. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, na katikati ya mvua hiyo mtu akabisha hodi.

Aliingia mkavu. Niamini, hana hata tone. Uso wake ulikuwa wa kijana, ila mikono ilijaa makovu ya moto, na lugha yetu ya Ekegusii aliizungumza kama mababu. Kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajala. Mama akampa uji wa wimbi. Akaushika tu, hakuunywa, na jina lake hatulijui hadi leo.

Alinitazama, akaanza kuzungumza. Alisema amefanya kazi kwenye matanuri tangu Misri ya kale, kisha kwa Waarabu walioiita kazi hiyo alkemia, kisha kwa wafalme wa Ulaya. Wengi walitaka dhahabu tu, wakafa na tamaa yao. Wenye busara walitafuta dawa ya uhai.

"Chuma ni dhahabu inayougua," alisema. "Anayejua kukiponya chuma anajua kumponya mtu."

Ungecheka? Mimi nilikuwa nakufa, sikucheka.

Kisha akamtazama mama miguuni. Mama alikuwa bado amevaa ebitinge, pete za chuma alizofungwa na mhunzi siku ya enyangi, arusi yetu ya jadi. Siku hizi utaziona kwa vikongwe wachache sana. Hata baba alipofariki mama hakuzivua, maana mke mwenye ebitinge ni wa mumewe hapa na huko waliko wafu, na mumewe atamtambua kwa mlio wa pete hizo.

"Nataka chuma kilichotunza ahadi," mgeni akasema.

"Na baba yake huyu atanitambua kwa kitu gani?" mama akauliza.

Mgeni akachochea moto. Nilitaka kumwambia mama asitoe. Yeye akanitazama, akanyoosha miguu.

"Chukua, omogeni. Mume nilishamzika. Mtoto simziki."

Pete zilizofungwa kwa nyundo zilifunguka kwa kidole cha mgeni. Akazitia kwenye moto wa kuni, akanyunyiza unga mwekundu, na moshi wote ukamwendea yeye. Zilitoka zikiwa dhahabu. Akazizamisha kwenye kikombe cha maji, nikayanywa. Mvua ilipokoma hakuwepo, na mawe ya barafu pale mlangoni hayakuwa yamekanyagwa.

Nilipona. Daktari alirudia vipimo, figo hazikuwa na kasoro. Lakini mama akizivaa pete zile zinalegea na kudondoka. Mhunzi wa Keumbu alizibana kwa nyundo. Asubuhi tulizikuta sakafuni. Na kila inaponyesha mvua ya mawe, tunasikia uani kikohozi cha baba. Nakijua kikohozi kile, nililelewa nacho. Mama hukimbilia mlangoni, akapigapiga miguu chini, miguu ambayo hailii tena.

Juzi alirudi kuketi karibu nami.

"Amesimama, ameniangalia miguu," aliniambia. "Akasema, 'Samahani, mama, namtafuta mke wangu.' Kisha akaenda zake."

Nililia, mwenzangu. Sioni haya kusema.

Basi wewe unayenisikiliza, mtu mkavu akiingia kwako wakati wa mvua, mpe uji. Asipounywa, mtoe kabla hajamtazama mama yako miguuni. Mimi nina afya, nachuma chai kila asubuhi. Na mama yangu, ambaye hakuwahi kuogopa kitu, sasa anaogopa kufa.