Mizinga ya Baba

Karani mwenzangu akiyeyusha lakiri kufunga bahasha, mimi hutoka nje nikisingizia kikohozi. Harufu yake inakaribia mno ile ya nta ikiungua.

Baba alichonga mizinga ya nyuki na kuitundika msituni, mlimani Hanang. Serikali ilipoufunga msitu, aliendelea kupanda kwa siri kurina asali. Asubuhi moja askari wa misitu alinikuta uani nikipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mzee yuko wapi?"

Tulifundishwa kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa. "Amepanda kurina, upande wa korongo," nikasema, tena kwa majivuno. "Anajua kila mti!"

Jioni askari walimteremsha baba, mikono imefungwa kwa kamba yake mwenyewe ya kupandia miti. Nyuma yao moshi mtamu ulipanda. Mizinga yote ilikuwa inaungua. Nimewaza mara ngapi: ningesema amekwenda mnadani? Ningejifanya sijui Kiswahili?

"Ni mimi niliyemwambia, baba," nikalia.

Akanitazama. "Ulimwamkia kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi hukukosea, mwanangu," akasema, nao wakamsukuma mbele.