Mzee wa Besi Ataka Kuitwa kwa Spika

Jumamosi nilikuwa nimeketi kwa meza ya tiketi, kwenye tamasha la muziki la kuchangia paa la ukumbi wetu wa zamani wa mawe hapa Eldoret. Mbele yangu mwalimu wa kwaya ya mtaa, mama mkali kidogo, alikuwa amemwinamia mzee aliyeketi na kofia juu ya goti. Kwaya yake ilikuwa inangojwa jukwaani na haikuwa na besi. Besi ni huyo mzee, ila mwaka jana mama alimfukuza mbele ya watu, tena kwa spika, eti anavuta wimbo kama ng'ombe aliyechoka.

"Mzee, sauti bado iko?"

"Sauti iko. Ni kuitwa ndio sijaitwa."

"Si ndio nakuita?"

"Unaninong'oneza. Kunifukuza ulinifukuza kwa spika."

Mama alinitazama, nami nikajifanya natafuta miwani. Akapanda jukwaani, akashika maikrofoni. "Mzee wetu wa besi, nilikukosea. Tafadhali rudi."

Mzee hakuinuka. "Watu wa Moiben wako nyuma, hawajasikia!"

"Mzee, nikirudia utaimba soprano!"

Watu walicheka, naye akacheka, akapanda. Besi yake ilitikisa mabati machache yaliyobaki.

Wengi wetu tunatukana mtu sokoni, halafu tunamwomba msamaha jikoni, mlango umefungwa. Kuna mama mmoja wa chama chetu cha akiba niliyemsema vibaya mbele ya wote. Nafikiria kumwomba msamaha mkutanoni. Bado nafikiria.