Waya wa Kutoka Kilimani

Shangazi yangu alivunjika nyonga akishuka kutoka kwenye tangi la maji la kijiji chetu, upande wa Nuu. Tangi liko juu kilimani, pampu ya sola iko chini karibu na mto mkavu, na katikati ni mteremko wa mawe matupu. Lazima mtu apande ngazi, achungulie maji yamefika wapi, kisha apige kelele ili pampu izimwe. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa ni yeye.

Wakati huo nilikuwa Kitui mjini, nikitengeneza redio na simu baada ya kumaliza chuo cha ufundi. Nilipotoka kumwona hospitalini nilikuwa nimeshaamua: hakuna mtu mwingine atakayepanda ngazi ile. Nikaunda kipimo cha kukaa ndani ya tangi na kisanduku cha kukaa kando ya pampu. Kipimo kingeeleza kiasi cha maji kupitia waya, na tangi likijaa, kisanduku kingezima pampu chenyewe.

Mama alipeleka habari hiyo kwenye mwethya, kikundi chao cha wanawake wanaosaidiana kazi. Wakachimba mtaro wa kufukia waya, wa zaidi ya mita mia tatu, kwa sururu, jua likiwachoma migongo. Walinitania kwamba nimewaletea kazi ngumu kuliko kubeba maji. Sikuwa na wasiwasi. Pale mezani nyumbani, kwa kipande kifupi cha waya, mtambo wangu haukuwa umekosea hata mara moja.

Siku ya kuwasha, tangi lilijaa na kisanduku kikaonyesha kwamba ni tupu. Pampu ikaendelea kusukuma. Maji yakafurika, yakateremka na njia, na mbuzi wakaja kuyanywa miguuni mwetu, katikati ya kiangazi.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee wa kanisa letu, alizima pampu kwa mkono wake.

"Mwanangu, hatukulaumu," aliniambia. "Lakini hiyo kitu itoe, tutafute mtu wa kupanda."

"Nipe mpaka Jumapili, mzee."

"Na ikifika Jumapili bado inakosea?"

"Basi nitapanda mimi mwenyewe."

Nilianza kwa kubadilisha kipimo. Kisanduku kikadanganya vilevile. Nikafungua viungo vyote na kuvifunga upya. Nikashuku panya, nikafukua sehemu kubwa ya mtaro ambao wanawake wenzangu walikuwa wameufukia kwa jasho, nikipapasa waya kwa vidole. Haukuwa na mkwaruzo. Mama alinikuta nimeketi juu ya udongo, mikono imechubuka.

"Umekula?"

"Bado, mwaitu."

Akaniwekea mapajani sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kusimama pale mpaka nikamaliza. Hakuniambia niache.

Kulikuwa na bunda la waya lililobaki, wa aina ileile, karibu urefu uleule. Nikalibeba hadi kwenye kibanda cha pampu, nikaweka kipimo na kisanduku kwenye meza moja, kimoja kando ya kingine, nikaviunganisha kupitia bunda lote. Kisanduku kikadanganya! Hapakuwa na mtaro, wala panya, wala mlima. Nikakata kipande kifupi, nikajaribu: kikasema kweli. Nikarudi kwenye bunda: uongo. Basi shida ilikuwa ni urefu wenyewe.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo chuoni tulilipita haraka. Ishara ndani ya waya haifiki papo hapo, inasafiri. Inaenda kasi ajabu, lakini lazima ivuke kila mita.

"Mwaitu, stima inachelewa," nikamwambia mama nilipofika nyumbani.

"Stima? Si ukibonyeza swichi taa inawaka?"

"Inachelewa kidogo sana, mtu hawezi kuona. Lakini kisanduku changu kina haraka kuliko hiyo. Kinauliza kipimo swali, kinasikiliza jibu, kinauliza lingine, mara nyingi mno kabla hujapepesa jicho. Waya ukiwa mfupi, jibu linawahi. Ukiwa mrefu, swali linapanda mpaka tangini, jibu linateremka, na likifika kisanduku kimeshauliza swali lingine. Kinaandika jibu la zamani kama la swali jipya. Namba zote zinaharibika."

Mama akafikiri kidogo. "Sasa si ukiambie kingoje?"

Ndicho hasa nilichofanya. Nilipiga hesabu ya safari ya kwenda na kurudi, nikaongeza nafasi ya kutosha, nikafungua kompyuta yangu na kupunguza mwendo wa maswali. Safari hii sikubadilisha kifaa hata kimoja. Maji ya tangi hayana haraka. Mimi ndiye nilikuwa nimekipa kisanduku mwendo wa kukimbizana bila sababu.

Jumamosi mchana tulijaza tangi tena, na kamati yote ikaja. Namba zilipanda polepole, zikiwa sahihi. Mwenyekiti hakuziangalia, alikuwa ametega sikio kwenye pampu. Tangi lilipofika ukingoni, pampu ilinyamaza yenyewe. Mwanamke mmoja wa mwethya akapiga vigelegele, na wengine wakaitikia.

Mwaka huu shule moja karibu na Tawa, kule Makueni, iliniita kufunga mtambo kama huo, na tangi lao liko mbali zaidi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaita vijana wa kuchimba.

"Wangoje kwanza," nikasema.

"Madam, si tumeshawaita?"

"Hakuna jembe litakaloingia ardhini kabla sijapima waya wote, urefu wake kamili."

Hakufurahi, lakini alikubali. Tukautandaza waya kwenye uwanja mzima, ukaenda na kurudi chini ya magoli, wanafunzi wakiuruka kwenda darasani. Nikaketi kwenye nyasi kavu, nikawasha kisanduku, nikaanza kazi.