Mkufu Uliotaka Kuniongezea Ng'ombe

Sasa nacheka, lakini kuna kipindi mtu akitaja mkufu mbele yangu nilikuwa nahama njia, maana aibu niliyoipata ukweni, hapa hapa Bunia, mtaa wa Lumumba, nilijipikia mwenyewe na nikajipakulia.

Nilikuwa nimenunua sokoni mkufu wa plake, ule wa chuma cha kawaida uliopakwa dhahabu juu juu, wa bei ya kijana anayetafuta kuoa, na rafiki zangu wakasema hautafika Jumapili bila kuwa mweusi. Mimi ni mbishi (mama anasema nilizaliwa nikibisha), basi nikaanza kuujaribu: nikaoga nao, nikalala nao, nikacheza nao mpira kwenye mvua, nikauloweka kwenye maji ya sabuni pamoja na soksi, na kila asubuhi nikitazama kioo unang'aa vilevile. Nilikuwa nimeshinda, na mshindi hujionyesha, kwa hiyo siku familia yetu ilipokwenda kwa kina Dorkasi, mchumba wangu, kumalizia maneno ya mahari, nikauvaa, na kifungo cha juu cha shati nikakiacha wazi.

Dorkasi alinipokea mlangoni, akaangalia shingo. "Toa hiyo kitu. Tonton iko ndani, na weye unajua anafanyaka kazi gani."

Nilijua. Mjomba wake ananunua dhahabu kwa wachimbaji wa Kilo na Bambu. Ndiyo sababu hasa nilitaka auone, maana ukimpita yeye, nani tena atausema?

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Baba yangu mdogo, msemaji wetu, alikuwa amelia umaskini kwa ufundi (kwenye mahari hata tajiri analia), ng'ombe wameshapunguzwa, soda zimefunguliwa. Ndipo mjomba akaniinamia, macho kwenye mkufu.

"Mukwe, shenete muzuri. Iko ya Bambu?"

Ningesema ni plake, mkasa ungeishia hapo. Mimi nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

"Kumbe," akawaambia wenzake. "Siye tunapunguza ng'ombe, tunahurumia mutoto ya masikini, kumbe anabeba ng'ombe mbili ku shingo. Zile tulipunguza, zirudi."

Baba mdogo akanigeukia na sura ya mtu aliyefiwa. Hao ng'ombe waliobaki wenyewe ukoo mzima ulikuwa umehangaika kuwapata. Akiongezeka hata mmoja, harusi haipo, na Dorkasi wangu ataolewa na mwingine.

"Papa, ni plake," nikamwambia mjomba.

Wakacheka. Nani atamwamini mtu anayejishusha kwenye mahari? Nikauvua, nikausugua na ndimu ya kwenye sahani ya nyama, nikakimbilia jikoni nikausugua na majivu, nikarudi nimechafuka suruali yangu nzuri, jasho linanitiririka, na ule mkufu niliokuwa nikiuombea usichuje ukanitii, ukazidi kung'aa.

Mama mkwe akaushika. "Hii iko ya kweli kabisa," akasema.

"Papa, leta asidi ya kupimia dhahabu," nikamwomba mjomba, karibu nilie. Kichupa chake kilikuwa mfukoni, huwa hatembei bila hicho. Akaukwaruza kidogo kwa tupa, akadondosha tone moja, na hapo hapo likatoka povu la kijani, ambalo dhahabu ya kweli haitoi. (Mpaka leo sijui kama hakuwa amejua tangu mwanzo, kwenye mahari hata macho yana upande wake.)

"Ng'ombe zibakie vile tulisema," akasema, akifunga kichupa. "Lakini weye, nilikuuliza, ukajibu na kichwa. Kesho mutoto yetu akikuuliza kitu, utamujibu na nini?"

Swali hilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Dorkasi alikuwa amekuja na maji ya kuninawisha, akawa ananimwagia polepole bila kuniangalia.

"Jibu, tonton anangoja," akasema.

"Na kinywa, papa," nikasema.

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, na Dorkasi naye, mwishowe, akaniangalia.

Tulioana. Lakini tangu siku ile nikienda ukweni navaa shati, suruali na viatu, basi. Hata saa ya mkononi naiacha nyumbani, wasije wakaidai mbuzi.