Siku ya Mahema

Chuo chetu hapa Kisumu kilikuwa na kitu walichokiita Siku ya Tamaduni, siku moja kabla ya mahafali. Kila kabila lilipewa hema lake uwanjani, wanafunzi wa Sudan Kusini na Kongo wakapewa lao, na kila mhitimu aliitwa jukwaani pamoja na mkubwa wa hema lake. Huyo mkubwa anashika maikrofoni, anasema kwa lugha ya kwao kwamba huyu ni wetu, anamvisha shada shingoni, vigelegele, basi. Sijui ni mjinga gani kwenye kamati aliyebuni jambo hilo. Lazima alikuwa mtu mwenye baba na mama wa kabila moja, wote hai, tena wanaopatana.

Mimi nilikaa hema la Wajaluo. Mama yangu ni Mluhya aliyekuja Kisumu kutafuta kazi, akanizaa mtaani Nyalenda, na mwanamume aliyempa mimba hakuonekana tena. Nilipokuwa ndiyo kwanza nimejua kutembea, mama akaolewa na dereva wa trekta za miwa kule Muhoroni, Mjaluo, mtu wa boma la kando ya ziwa. Huyo ndiye baba ninayemjua. Alinibeba mabegani, akanifunza Dholuo mpaka nikawa naota kwa Dholuo. Alipougua sana aliniambia nisome tu, kwamba siku ya joho atasimama mwenyewe mbele ya watu aseme nyathiwa, yaani mtoto wetu. Hakuifikia siku hiyo. Basi nilichotaka ni hicho tu, mtu wa boma lake aliseme lile neno kwa niaba yake.

Shada mama alinitengenezea mwenyewe, kwa utepe wa bluu na dhahabu aliouchagua sokoni Mamboleo. Alilipakata ndani ya mfuko wa karatasi kama mtu aliyebeba mayai.

Wa kusema, mkubwa wa hema letu, alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Mwanawe naye alikuwa anahitimu, kwa hiyo alikaa mbele kabisa na kofia yake kubwa. Nilipoitwa, emsii wa sherehe akampa maikrofoni. Aliishika, akainamisha kichwa. Nikadhani anamkumbuka kaka yake, anataka kulia. Mjinga mimi.

"Huyu si wetu," akasema, kwa Dholuo kwanza, halafu kwa Kiswahili ili mahema yote yasikie. "Alikuja kwetu akitembea kwa miguu yake."

Watu wakacheka. Haki walicheka, kwa sababu alilisema kama utani, na shangazi anajua kuchekesha. Emsii naye, badala ya kufunga mdomo wake, akauliza kama kuna hema lililopoteza mtoto. Wakacheka tena. Nilishuka ngazi huku nikilikanyaga joho langu.

Baadaye, akila samaki, shangazi alinieleza taratibu kwamba hana ubaya nami. Shida ni kwamba akisema nyathiwa kwenye spika, mbele ya mashahidi wote wale, kesho nitarudi bomani kudai mahali pa kujenga. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani, akaendelea kula.

Nikaenda hema la Waluhya. Mzee mmoja alinipisha kiti, akaniuliza baba yangu ni nani. Nikamwambia aliyenizaa simjui. Akasema kwa upole kwamba kwao pia mtoto ni wa baba, lakini kama ni ugali, nile, nisione haya. Ugali! Nimevaa joho, natafuta mtu wa kunitaja jina, napewa ugali.

Nikarudi kwa mama. Nilimwambia tuchukue shada letu twende, anivishe hata pale langoni, maikrofoni ya nini. Mama alitazama kule shangazi alikokaa, kisha akanivuta karibu.

"Wewe kesho unachukua digrii yako unaenda," akasema. "Mimi jioni narudi kulala bomani kwao."

Hapo shangazi akamwita. Alisema shada la mwanawe ni jembamba mno, halafu hilo la mfukoni lisikae bure. Mama akainuka. Haki ya Mungu, aliinuka. Akalitoa, akalinyoosha utepe kwa vidole, akamvisha binamu yangu, na akapiga vigelegele, vile vyake vikubwa vya kanisani. Binamu alinitazama mara moja, akaona aibu, akaangalia viatu vyake. Lakini hakulivua.

Kisha shangazi akaninyooshea simu yake. Mimi ndiye najua mambo ya simu, alisema, niwapige picha, wote waonekane. Niliwaambia wasogeane. Nikamwambia mama ainue kidevu. Sijui kwa nini nilitaka atoke vizuri, lakini nilitaka, na hilo linaniuma kuliko hata yale maneno ya jukwaani.

Alitoka vizuri. Shangazi aliichapisha ile picha kwa ukubwa, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni kwake, na utepe wa bluu na dhahabu unaonekana wazi hata ukiwa mlangoni. Kila Jumamosi mama huenda kumfanyia usafi, na kioo cha picha hiyo hukipangusa yeye.