Viroboto wa Verna

Katika mji wetu wa Corran, magharibi mwa Tasmania, mtu asiye na meza klabuni ni kama hayupo. Jumamosi jioni watu hununua tiketi za bahati nasibu ya nyama, na meza inayoshinda hugawana sinia la soseji na mbavu za kondoo. Verna Tilyard hakuwa na meza. Alikaa peke yake karibu na mlango wa choo, akanywa bia yake ndogo, akaondoka kabla ya namba ya mwisho kutajwa.

Kosa lake lilikuwa kusema ukweli kila mwaka.

Mgodi wa shaba ulipofungwa, ulituachia Mto Hask bila samaki wala chura. Halmashauri ikampa Verna, mjane wa mchimbaji, kazi ya kufuga viroboto wa maji. Ni wanyama waangavu, wadogo kama chembe za semolina, wanaoogelea kwa kurukaruka. Ukiwatazama kwa lenzi unaona moyo ukipiga ndani ya kifua. Shaba kidogo sana, ambayo ulimi wa mtu hauionji, huwaua. Kila mwaka kabla ya Pasaka Verna aliwatia wachanga katika vikombe vya maji ya mto, na wenzao katika kikombe cha maji ya chemchemi, ili alinganishe. Wa chemchemi waliishi. Wa mto walizama taratibu, wakalala chini ya kikombe, wakabaki hapo.

Basi alikwenda klabuni akasema: mto bado. Na mbio za vyelezo vya magogo siku ya Pasaka, ambazo mji ulijiahidi tangu mgodi ufungwe, ziliahirishwa tena. Katika mbio hizo raha yenyewe ni kupinduana majini, na watoto ndio wangekuwa wa kwanza kuyanywa maji yale.

"Kiroboto si mtoto, Verna," Lex Brodribb, mwenyekiti wa klabu, alimwambia mwaka mmoja. "Hata mimi ukinitumbukiza kwenye kikombe nitakufa."

"Wewe utatumbukizwa kwenye kikombe cha bia, Lex. Tutakukuta umekaa chini, kikombe kikavu."

Watu walicheka. Hakuna aliyemvutia kiti.

Mwanawe, Garth, alikuwa Queensland na alipiga simu Krismasi. Glenys Raspin, aliyemsimamia Verna siku ya harusi yake, alikuwa na hoteli ndogo isiyopata wageni, na mbio zilipoahirishwa kwa mara nyingine alianza kuvuka barabara akimwona. Waliobaki ni wale wa kwenye mitungi ya kioo, dirishani mwa chumba cha kufulia. Verna aliwalisha hamira, akawasalimu asubuhi, akawaomba radhi alipochelewa kuwabadilishia maji.

Mwaka huu mvua ilinyesha mfululizo. Kilima kiliporomoka na kuifunika njia ya kwenda kwenye pampu ya zamani, mahali alipozoea kuchota. Nyonga ilikuwa ikimsumbua. Akachota chini zaidi, pale kijito kitokacho kwenye mbuga ya nyasi kinapoingia mtoni, maji yake ya kahawia kama chai iliyokolea.

Viroboto waliishi. Alichukua lenzi akatazama tena, na tena. Walikuwa wakirukaruka kikombeni kama wenzao wa chemchemi. Akaenda klabuni mikono ikiwa bado imelowa, akasema: mto umepona.

Lex aligonga kengele ya baa. Glenys akavuta kiti.

"Njoo hapa, mpenzi wangu. Unakaa kule chooni una nini, unalinda sabuni?"

Jumamosi iliyofuata meza yao ilishinda sinia la nyama, na Verna akapewa mbavu za kwanza. Lex akatangaza kwamba siku ya mbio Mama Viroboto ndiye atakayepeperusha bendera. Jina lile lilikuwa limeanza kama kejeli. Sasa lilitamkwa kwa upendo, naye akaliitikia.

Kisha siku moja, jikoni kwa Glenys, wakinywa chai, Glenys aliuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za njia: "Hivi ulipitaje kule kwenye pampu, na kilima chote kimelala barabarani?"

"Sikupita. Nilichota pale kwenye kijito."

Alipolisema ndipo akalisikia. Maji ya kahawia ya mbugani hushikana na shaba na kuificha, na kiroboto huogelea kando yake asidhurike. Mvua ikikatika kijito hupungua, na shaba hubaki huru. Tena mbio zingeanzia juu, penye pampu, ambako maji ya kijito hayafiki kamwe. Hayo alifundishwa mwanzoni kabisa mwa kazi yake, na hakuyakumbuka kwa sababu hakutaka kuyakumbuka. Chai yake ilipoa.

Hakuna mtu Corran ambaye angemgundua. Ndiyo maana jambo hili lina uzito. Kuwa mwaminifu huku unatazamwa ni adabu tu. Kuwa mwaminifu pale ambapo uongo utakupa marafiki ni kazi nyingine, na wengi wetu hatujawahi kuifanya.

Asubuhi alipanda juu ya maporomoko kwa mikono na magoti, akachota penye pampu. Viroboto aliowatia walizama wote. Wa chemchemi waliendelea kuruka. Alikaa nao mpaka hakukuwa tena na la kungoja.

Jumamosi alisimama klabuni.

"Nilichota mahali pasipofaa. Kosa ni langu, si la mwingine. Mto bado."

"Verna," Lex alisema polepole, "bendera imeshashonwa."

"Basi ikunjeni."

Glenys hakumtazama. "Ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Mimi ningejua, Glenys. Na kwangu hakuna mtu wa kunisahaulisha."

Lex aliahirisha mbio. Hilo alilifanya, na nampa haki yake. Lakini Verna alipogeuka kuketi, mkoba wa Glenys ulikuwa umeshawekwa juu ya kiti. Akarudi karibu na mlango wa choo. Mpaka leo watu husema mbio zilikufa kwa sababu ya Verna. Sijasikia hata mmoja akisema ni kwa sababu ya mgodi.

Siku ya Pasaka mvua ilikuwa imekatika, na chelezo kimoja kilikuwa kimetelekezwa katikati ya uwanja wetu wa mpira usio na nyasi, juu ya changarawe. Watoto walikipanda, wakapiga makasia hewani, wakasukumana na kuanguka, wakainuka wakipukuta vumbi. Verna aliwasikia akiwa dirishani, akiwabadilishia viroboto maji ya chemchemi, kijiko kwa kijiko. Aliwasikiliza mpaka mama zao walipowaita kula, wakaenda mmoja mmoja, wote wakavu.