Ramani ya Majivu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, nimevaa viatu vya kisigino kirefu, maana nilidhani afisa wa maendeleo ya jamii hukaa ofisini. Matope ya kule yalinifunza adabu mapema. Mkubwa wangu, Afisa Msimamizi, alikuwa mzee mnene mwenye macho ya usingizi. Aliitazama miguu yangu, akacheka, kisha akaniuliza, "Mwende, unaweza kunyamaza?"

"Naweza, mzee."

"Umejibu haraka sana."

Kazi yetu, ninyi vijana mnaoianza leo, ilikuwa kuwakutanisha wakazi waijue shida yao na nguvu waliyo nayo, halafu tuwapishe. Mzee yule alikwenda kwenye kila mkutano na njugu karanga mfukoni. Mtu akimuuliza swali ambalo majirani wangeweza kulijibu, alijaza njugu mdomoni akatafuna polepole, mpaka mmoja wao achoke na ule ukimya na kujibu mwenyewe. Mimi niliyezaliwa na maneno mengi nilipata taabu kweli. Nilimpenda kama baba, ingawa njugu zenyewe alinituma mimi kununua.

Baadaye nilihamishiwa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, chini ya Mkuu wa Idara, mama aliyetembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Huko tulitumia ramani ya jamii. Wakazi wenyewe huuchora mtaa wao chini kwa majivu ya jiko: kuta huwa mistari ya majivu, na kifuniko cha soda katikati huonyesha kila nyumba. Afisa hashiki majivu hata chembe. Ukichora wewe, ramani inakuwa yako, na watu watakuachia na shida zake.

Siku moja tuliitisha mkutano kutafuta njia ya ambulensi. Wiki iliyotangulia, mama mmoja aliyeshikwa na uchungu alibebwa mgongoni mpaka barabarani, kwa kuwa hata mkokoteni ulikwama. Majivu yalipomwagwa, kila mtu aliona mahali njia inapobana. Ilikuwa kona ya Mama Nekesa, mjane kutoka Bungoma aliyekaanga samaki mlangoni na kulea watoto wake katika chumba kimoja cha mabati.

"Hiyo nyumba ni kuvunja tu," kijana mmoja akasema. "Madam, si hata wewe unaona?"

Mama Nekesa akasimama mbele ya kifuniko kilichokuwa nyumba yake. "Nivunjiwe niende wapi na hawa watoto? Baba yao aliniachia hapa. Sina kwingine."

Mkutano ukavunjika kwa kelele. Mkuu wa Idara aliposikia, hakungoja nimalize. "Mpe notisi. Jumatatu chifu atakuja na askari."

"Madam, nipe mkutano mmoja tu."

"Na wasiposkizana?"

"Basi njoo na askari wako."

Jumamosi tukakutana tena, majivu mapya chini. Nilimpenda Mama Nekesa. Nilikuwa nimekula samaki wake na kubembeleza kitinda mimba wake, na nilitaka kumtetea. Lakini nikawaza kwamba nikimtetea mimi, leo ataponea, na siku nikihamishwa watamvunjia. Nikauma ulimi.

Ukimya ulikaa mpaka ukatutia aibu sote. Ndipo Mutiso, mchonga vinyago aliyeishi mkabala na Mama Nekesa, akachuchumaa na kufuta kwa kiganja ukingo wa nyumba yake mwenyewe.

"Hapa mbele mimi huweka mbao tu," akasema. "Nikirudi nyuma kidogo, na huyu jirani arudi, gari itapinda hivi ipite. Mama abaki."

"Sasa mimi naingiaje hapo?" jirani akanung'unika.

"Wewe hapo ni kuku wanalala. Sogeza kuku!"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikalegeza roho. Mmoja akatoa kibaraza chake, mwingine ngazi, mwingine ukuta mzima wa jikoni, mpaka upande wote ule ukawa umerudi nyuma. Mama Nekesa alilia mbele yetu bila kujificha. Kisha naye akainama, akafuta kibanda chake cha samaki. "Nitakaangia huko nyuma," akasema. "Wateja watafuata harufu."

Jumatatu, Mkuu wa Idara na chifu waliwakuta watu wakijing'olea mabati wenyewe huku wakiimba.

"Nani amewaamuru?" Mkuu akaniuliza.

"Hakuna, madam."

Alivua koti lake la ofisini, akashika upande mmoja wa bati. Haraka yake ilitufaa sana siku ile. Na ambulensi ya kwanza ilipopita, mtaa mzima ulitoka kuipungia mikono, tukasahau kwamba ndani mna mgonjwa anayeumia.

Sasa nimestaafu, naishi Tassia, na vijana wa kazi hii huja kuniuliza siri yake. Sina siri. Sote tunajua kidole kimoja hakivunji chawa. Kigumu ni afisa kukubali kwamba chawa huyo si wake kumvunja. Mimi mwenyewe hilo nililikubali shingo upande kila siku.

Siku ya kuniaga, wakubwa walinisifu mpaka nikaona haya. Mmoja akasema mimi ndiye niliyewafungulia watu wa Reuben njia. Mama Nekesa, aliyekuja amejifunga leso mpya, pamoja na majirani zake, akainua mkono.

"Pole mkubwa, lakini hapana," akasema. "Hiyo njia tulifungua sisi. Na nyumba yangu, ni hawa majirani waliniachia. Madam Mwende alikaa na sisi tu."

Yule mkubwa akainamisha kichwa, akidhani nimevunjiwa heshima. Mimi niliinuka nikamkumbatia Mama Nekesa na kulia kama mtoto, maana katika maisha yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kunisifu hivyo.